Figo mupya, ini la zamani: namna hepatiti B inavyobadilika kwa mutu aliyepandikizwa

Kupandikizwa figo si jambo la Ulaya na India peke yake tena. Hopitali ya Muhimbili kule Dar es Salaam ilianza kazi hiyo mwaka wa 2017, na King Faisal ya Kigali, ngambo ya mupaka wetu, ilianza mwaka wa 2023. Kwa mutu wa Goma ao Bukavu mwenye mafigo yaliyokufa, kitu kilichokuwa ndoto sasa kina anwani na kina bei. Familia inachanga, inauza parsele, ndugu mumoja anakubali kutoa figo yake.

Lakini kuna kitu ambacho mara nyingi hakiingii katika hesabu ya safari: ini. Mutu anaweza kurudi na figo mupya inayofanya kazi vizuri, kisha ini lake la zamani likaharibika na kumuua. Sababu moja kubwa ni virusi vya hepatiti B. Vilikuwa vimejificha mwilini mbele ya operesheni, na wakati dawa zinapopunguza kinga ya mwili, vinapata nafasi ya kuzaana na kubadilika. Hapa tunaeleza namna hiyo inavyotokea, kile wanganga walijifunza, na vipimo gani familia inapaswa kuomba mbele ya kutoa feza.

Hepatiti B kwa ufupi

Hepatiti B ni ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi vinavyopita katika damu, katika ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mutoto wakati wa kuzaa. Wembe na sindano zilizotumiwa na mutu mwingine zinaweza kuvileta pia. Haupiti katika sahani, kusalimiana kwa mikono, wala kukaa pamoja.

Tusiuchanganye na homa ya manjano, ile inayoletwa na mbu. Macho ya manjano ni alama tu ya kusema ini ao damu ina shida. Magonjwa mengi yanaleta alama hiyo.

Shirika la Afya Duniani (OMS) lilihesabu kwamba mwaka wa 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na hepatiti B ya muda murefu, na watu milioni 1,1 hivi walikufa kwa sababu yake mwaka huo. Kati ya maambukizo mapya, 63 kwa mia yalikuwa katika eneo la Afrika.

Umri wa kuambukizwa unabadilisha mambo yote. Mutu mukubwa akiambukizwa, mara nyingi kinga yake inashinda; ni wachache, kama 5 kwa mia, wanaobaki na virusi. Lakini mutoto muchanga aliyeambukizwa na mama yake, mara 9 kwa 10 anabaki navyo maisha yote. Njo maana watu wengi kwetu wana virusi hivi tangu utoto na hawajui. Hawaumwi, wanalima, wanafanya biashara, wanazaa. Miaka inapita. Kisha wengine wanapata siroze, ni kusema ini linakuwa gumu kama kovu, ao kansa ya ini. Tumbo linavimba, na kwenye kilio watu wanasema alilishwa karuho.

Aliyefungua mulango wa kuvijua virusi hivi ni Baruch Blumberg, mutafiti wa Marekani. Katika miaka ya 1960 alikuta protini ya ajabu katika damu ya mutu wa Australia, na baadaye ikajulikana kwamba protini hiyo ni ganda la virusi vya hepatiti B. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1976. Tarehe 28 mwezi wa 7, siku alipozaliwa, njo Siku ya Hepatiti Duniani.

Kinachoharibu ini ni vita

Kwa kawaida, virusi vya hepatiti B haviui seli za ini moja kwa moja. Vinaingia ndani ya seli, vinaitumia kama kiwanda, vinatoka. Askari wa mwili, yaani kinga, njo wanaoona seli ile imeingiliwa na kuishambulia. Ini linaumia kwa sababu ya vita hiyo.

Virusi vinaacha pia mbegu yao katikati kabisa ya seli ya ini. Mbegu hiyo inaweza kukaa humo miaka mingi, hata kama damu inaonekana safi. Dawa tulizo nazo leo zinazuia virusi kuzaana, lakini haziondoi mbegu. Kumbe mutu aliyesema "nilipona hepatiti B zamani" anaweza bado kuwa na mbegu ndani yake, na kinga yake njo inayoichunga.

Sasa fikiria mutu aliyepandikizwa figo ao ini. Mwili wake unaona kiungo hicho ni mugeni na unataka kukikataa. Juu ya hiyo anapewa dawa za kupunguza kinga, kama vile prednizoni, takrolimusi, siklosporini na mikofenolati, na atazikunywa siku zote figo ile ikiwa inatumika. Dawa hizo zinaokoa figo. Lakini ni kama kuwaambia askari wote warudi kambini. Mulinzi wa mbegu anaondoka, na virusi vinaanza kuzaana kwa wingi. Tena dawa za jamii ya prednizoni zinavisukuma virusi vyenyewe kuzaana zaidi.

Virusi vinavyokosea kuandika

Kila kirusi kina maandishi ndani yake yanayoeleza namna ya kukitengeneza. Ya hepatiti B ni mafupi sana: herufi 3.200 hivi. Ili kupata kirusi kipya, lazima maandishi hayo yakopiwe. Chombo cha kukopia cha hepatiti B kina kasoro: hakisomi tena kile kilichoandika ili kurekebisha makosa. Na kwa mutu mwenye virusi vingi, mamilioni ya mamilioni ya kopi zinaweza kutoka kila siku. Makosa yanakuwa mengi.

Makosa hayo njo tunayoita mabadiliko, wanganga wanasema mutasyo. Mengi yanaua kirusi chenyewe. Machache yanakipa faida: kinaweza kumukimbia askari, ao kuvumilia dawa. Kirusi chenye faida kinazaa kuliko wengine, na kisha miezi kazaa njo kinachojaa mwilini.

Kuna jambo lingine la pekee. Maandishi haya yamebanwa: herufi zile zile zinasomwa namna mbili, ili kutengeneza protini mbili tofauti. Chombo cha kukopia na ganda la inje vimeandikwa juu ya mustari mumoja. Kwa hiyo kosa moja linaweza kubadilisha vyote viwili kwa mara moja. Dawa inayosukuma virusi kubadilisha chombo cha kukopia inaweza, bila kutaka, kubadilisha ganda pia.

Mabadiliko mane yanayojulikana zaidi

La kwanza ni la ganda. Ganda njo sehemu ambayo chanjo na kingamwili zinaitambua. Mwaka wa 1990, William Carman na wenzake walieleza juu ya mutoto wa Italia aliyezaliwa na mama mwenye hepatiti B. Mutoto alipewa chanjo na kingamwili, lakini akaambukizwa. Virusi vyake vilikuwa na kosa moja mahali namba 145 pa ganda, na kingamwili hazikuvishika vizuri.

La pili liko mbele kidogo ya jeni ya kiini, kwenye herufi namba 1896. Kosa hilo linazuia virusi kutoa protini inayoitwa antijeni HBe. Zamani wanganga walizani kwamba kukosa antijeni HBe ni kusema virusi vimepungua. Mwaka wa 1989 ilionekana wazi kwamba virusi vinaweza kuzaana sana na ini kuendelea kuharibika bila antijeni hiyo.

La tatu ni la sehemu inayoamuru kiini kitengenezwe, herufi 1762 na 1764, pamoja na kukatika kwa vipande vya jeni ya kiini. Mabadiliko ya herufi hizo mbili yanahusiana pia na hatari kubwa ya kansa ya ini.

La ine linaletwa na dawa. Lamivudini ilikubaliwa kwa hepatiti B kule Marekani mwaka wa 1998, na watu walifurahi: kidonge kimoja kwa siku. Lakini virusi vilijifunza. Kosa moja mahali namba 204 pa chombo cha kukopia linatosha ili lamivudini isifanye kazi tena. Kwa watu waliokunywa lamivudini peke yake miaka mitano, wengi wao, hata kufikia 70 kwa mia, walipata virusi visivyosikia dawa hiyo.

Waliopandikizwa ini: somo la kwanza

Thomas Starzl alijaribu kumupandikiza mutu ini kwa mara ya kwanza mwaka wa 1963 kule Denver, Marekani, na mwaka wa 1967 akafaulu kupata mugonjwa aliyeishi zaidi ya mwaka mumoja. Mutu aweza kuwaza hivi: kama hepatiti B imeharibu ini, liondoe, weka jipya, shida imekwisha. Hapana. Virusi vilivyobaki katika damu na sehemu zingine za mwili viliingia katika ini jipya. Bila kinga ya ziada, kwa wagonjwa wengi hepatiti B ilirudi, na ilirudi na ukali.

Mwaka wa 1991, wanganga wa King's College Hospital ya London walieleza namna moja ya ugonjwa ambayo hawakuizoea. Seli za ini jipya zilikuwa zimejaa protini za virusi kupita kiasi. Askari wa mwili walikuwa wachache sana pale, lakini ini lilikuwa linakufa. Nyongo ilikwama, macho yakawa manjano, makovu yakaenea upesi, na mutu alikufa kisha wiki ao miezi. Jambo hilo lilipindua ile kanuni ya kusema kinga njo inayoharibu ini. Kinga ikilala kabisa, wingi wa virusi peke yake unaweza kuua seli.

Mwaka wa 1993, Didier Samuel wa hopitali ya Paul Brousse, karibu na Paris, na wenzake wa Ulaya walitoa hesabu ya wagonjwa 372. Wale wasiopewa kingamwili za hepatiti B, robo tatu hivi waliona virusi vinarudi katika miaka mitatu. Wale waliopewa kingamwili kwa muda murefu, ni kama mumoja kati ya watatu. Yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini kwa wengine waliopewa kingamwili hizo, virusi vyenye kosa lile la 145 vilitokea, vikapita chini ya uzio. Kisha lamivudini ikaongezwa, na kosa la 204 nalo likaja. Kwa wagonjwa wengine ini jipya liliharibika tena.

Leo hali ni nzuri zaidi. Entekaviri na tenofoviri ni dawa zenye nguvu, na kwa mutu ambaye hajawahi kuzoea lamivudini, ni vigumu sana virusi vizishinde. Zikitumiwa vizuri, pamoja na kingamwili ao bila, kurudi kwa hepatiti B katika ini jipya kumepungua chini ya mutu mumoja kwa kumi.

Waliopandikizwa figo: hatari inayokuja polepole

Huku kwetu figo njo inayotuhusu zaidi, na hapa hatari iko tofauti. Ini halibadilishwi. Ni lile la zamani, lenye virusi vyake vya tangu utoto, na sasa linaishi chini ya dawa za kupunguza kinga miaka kumi, kumi na tano.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walichunguza virusi vya watu waliopandikizwa figo na waliokuwa na hepatiti B. Kwa wale ambao ini lao lilikuwa linaenda kwenye siroze na kushindwa kabisa, walikuta virusi vyenye mabadiliko mengi vikizidi kukusanyika: sehemu ya kuamuru kiini imebadilika, vipande vya jeni ya kiini na vya ganda vimekatika. Mutu mwenye kinga nzuri angeweza kuvichunga virusi vya namna hiyo. Kwa mutu ambaye kinga yake imepunguzwa, vilikaa na kutawala.

Hiyo haisemi kwamba kila mutu mwenye hepatiti B akipandikizwa figo atakufa. Kabla ya dawa nzuri, watu hao waliishi muda mufupi kuliko wenzao wasio na virusi. Tangu dawa nzuri zilipokuja, tofauti hiyo imepungua sana. Hepatiti B haimukatazi mutu kupandikizwa. Kinachoua ni kutoijua, ao kuijua na kuacha dawa.

Karatasi ya labo inaweza kudanganya

Katika vituo vyetu vingi, kupima hepatiti B ni kipimo kimoja cha upesi: antijeni HBs, ile wanaandika AgHBs. Ikiwa "positif", virusi viko. Ikiwa "negatif", watu wanarudi nyumbani na furaha.

Kwa mutu anayejitayarisha kupandikizwa, hiyo haitoshi. Kwanza, ganda likibadilika, vipimo vingine vinaweza kushindwa kuliona. Pili, mutu aliyewahi kuambukizwa anaweza kuwa na AgHBs "negatif" na bado ana mbegu. Kipimo kinachoonyesha hiyo kinaitwa anti-HBc. Kikiwa "positif", munganga anajua kwamba virusi viliwahi kupita, na kwamba vinaweza kuamuka wakati kinga inapopunguzwa. Tatu kuna anti-HBs, inayoonyesha ulinzi wa chanjo ao wa kupona.

Kile kinachoonyesha wingi wa virusi ni kipimo cha ADN ya virusi. Mashine za GeneXpert, zile tunazozijua juu ya kifua kikuu, zinaweza kufanya kipimo hicho pia kama kuna katriji zake. Ni vizuri kuuliza katika hopitali kubwa ya mukoa mbele ya kuzani kwamba lazima kwenda Kampala.

Mambo ya kufanya mbele ya kutoa feza

Mugonjwa apimwe vyote vitatu: AgHBs, anti-HBc, anti-HBs. Akiwa na virusi, apimwe ADN na hali ya ini lenyewe, ili kujua kama siroze imekwisha kuingia.

Ndugu anayetoa figo apimwe vile vile. Watoto wa mama mumoja mara nyingi walipata virusi kutoka mahali pamoja. Wakati wa kupandikiza ini, hata mutoaji mwenye anti-HBc tu anaweza kupitisha virusi. Kwa figo hatari hiyo ni ndogo, lakini munganga lazima aijue.

Asiye na virusi wala ulinzi achanjwe mapema. Mafigo yakifa, chanjo inashika vibaya, na watu walio kwenye mashine ya kusafisha damu wanapewa dozi kubwa kuliko watu wengine. Mwenye mafigo yanayoanza kuchoka asingoje.

Mwenye AgHBs "positif" aanze dawa mbele ya operesheni na aendelee nayo wakati wote anakunywa dawa za kupunguza kinga. Dozi inapangwa kulingana na nguvu ya mafigo. Namna moja ya tenofoviri inaweza kuchosha figo, kwa hiyo munganga njo anayechagua, si jirani. Sindano za interferoni, zinazotumiwa kwa hepatiti B kwa watu wengine, zinaweza kufanya figo mupya ikataliwe.

Mugonjwa aeleze dawa zote alizowahi kunywa. Mwenye kuishi na virusi vya SIDA aliyetumia ule muchanganyiko wa zamani wa stavudini, lamivudini na nevirapini alikuwa anapata lamivudini peke yake dhidi ya hepatiti B. Virusi vyake vinaweza kuwa vimekwisha kuizoea, na kwa mutu huyo entekaviri pia inapoteza nguvu. Anayekunywa TLD leo ana tenofoviri ndani yake. Akibadilishiwa dawa, aulize: hepatiti B yangu itachungwa na nini?

Akirudi nyumbani, damu ipimwe kila miezi michache. Dawa ya hepatiti isikatwe kwa sababu "najisikia vizuri" ao kwa sababu imekwisha kwenye farmasi ya kartye. Ikikatwa, virusi vinaweza kuruka juu katika wiki chache. Dawa za miti za "kusafisha ini" zisiongezwe bila munganga kujua. Zingine zinaharibu ini, na zingine zinavuruga takrolimusi na siklosporini katika damu.

Maswali mawili yanayorudi

Kama virusi vinabadilika, chanjo ina maana gani? Ina maana kubwa. Virusi vyenye kosa la 145 ni vichache, na chanjo inaendelea kuwalinda watu wengi sana. Watoto wetu wanaipata ndani ya ile chanjo ya wiki 6, 10 na 14. Lakini dozi ya siku ya kuzaliwa, ndani ya saa 24, njo inayokata njia ya mama kwenda kwa mutoto. Hesabu ya OMS ya mwaka wa 2022 inasema katika eneo la Afrika ni watoto 18 tu kwa mia walioipata.

Sisi tusiopandikizwa, hiyo inatuhusu? Ndiyo. Mutu anayepewa dawa za kansa, ao prednizoni nyingi kwa muda murefu, anaweza pia kuamusha virusi vilivyolala. Mbele ya kuanza dawa hizo, muombe munganga akupime hepatiti B. Kipimo cha AgHBs kinataka tone la damu na dakika chache. Kama familia iko tayari kuuza parsele kwa ajili ya figo, ianze na tone hilo.